Isomwe Nyumbani Kwanza

Hapana, Brayo, Madam hakuwa anaziba watu njia. Hiyo maneno umekuwa nayo tangu ile siku ya barua yako ya mapendekezo, na leo asubuhi umeirudia nikifunga viatu niende kumwona. Sikukujibu juu nilikuwa nachelewa. Sasa nimerudi na nitakujibu hapa kwa daftari, penye huwezi kunikatiza.

Unasema ati yeye mwenyewe alienda Amerika mwaka mzima, akaona dunia, halafu akarudi Kitale kukalia barua za watoto wa wenyewe. Binamu yangu, sema ukweli. Hukunyimwa barua. Uliambiwa usome insha yako mbele ya mama yako, na hapo ndipo mambo yakaharibika.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa Form Three, nimetumwa kwenu kuleta jembe, nikapata Madam amekaa kwa kiti cha mlangoni na mkoba magotini. Aunti alikuwa anachambua sukuma wiki. Wewe ulisimama katikati ya nyumba na karatasi, ukaanza kwa Kiingereza, na Madam akainua kidole.

"Kiswahili. Mama asikie."

Ukatafsiri. Ati ulilelewa na nyanya kipofu katika mtaa wa mabanda. Ati ulikuwa unasomea chini ya taa ya barabarani. Aunti aliacha sukuma ikaanguka kwa karai.

"Huyu mtoto ni wa nani?" akauliza.

"Ni mimi, mathe. Ni insha tu."

"Na mimi niko wapi?"

Ukaangalia karatasi. Kukhu, nyanya yetu, huyo kipofu wako, alikuwa nje anapitisha uzi kwa sindano bila miwani. Madam akafunga mkoba wake taratibu. "Mama ameuliza swali zuri," akasema. "Ukipata jibu, niko nyumbani kila siku isipokuwa Jumapili." Hukuenda. Miaka minne sasa, na bado unaambia watu ati yule mama ana wivu.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake moja, na kila mtu wa mtaa wetu aliijua. Alitufundisha jiografia na Kiingereza shule ya kutwa, akastaafu, na baada ya hapo nyumba yake karibu na showground ikawa penye watu wanapitia wakitaka kwenda nje. Si kwenda kutafuta kazi, hapana. Hizi programu za kubadilishana, ambazo unaenda mwaka mmoja unaishi na familia ya huko, unasoma ama unajitolea, halafu unarudi. Ama ufadhili wa walimu, wa manesi, wa vijana viongozi. Fomu zote zinataka barua ya mtu anayekujua, na huku kwetu huyo mtu alikuwa yeye. Lakini kabla aweke sahihi, anakuja kwenu. Anakaa. Na wewe unasoma insha yako kwa lugha ya nyumbani, mbele ya kila mtu ambaye umemwandika humo ndani.

Neno likikataa kuingia lugha ya nyumbani, lilitolewa. Kuna dada mmoja alikuwa ameandika ati ana hamu kubwa ya uongozi, kwa kile Kiingereza cha kupanda mlima. Akamtafsiria babake kwa Kibukusu, na mzee akaelewa msichana anataka kuwa chifu. Akauliza kama chifu wa sasa amefariki. Madam alicheka mpaka akatoa leso, halafu akamwambia yule dada, "Umeona? Wewe unataka nini hasa?" Dada akafikiria, akasema anataka kujua venye wazee wanatunzwa nchi zingine, juu alimtunza babu yake na hakujua anafanya nini. "Hiyo andika," Madam akasema. Huyo dada alikaa Ujerumani mwaka mzima kwa nyumba ya wazee. Leo ni nesi Webuye, na watu wanatoka mbali na wagonjwa wao wakimuulizia kwa jina.

Ukuta wake ulikuwa na picha nyingi, na hapo pia alikuwa na njia yake. Picha ya theluji hakutaka. Picha ya mtu amesimama mbele ya ndege alirudisha. Ukienda, ukarudi, ukaanza kufanya kitu, ndio anatundika picha yako, na lazima ipigwe huku, ukiwa kazini. Yule kijana wa Sirisia aliyepelekwa Japani kusomea udongo yuko ukutani amepiga magoti kwa shamba la mtu, ameshika bonge la udongo kama mkate. Wakulima wanamletea udongo kwa mifuko ya sukari awaambie shida iko wapi. Nikiwa mdogo nilikuwa nasimama mbele ya huo ukuta nikihesabu penye nitatoshea. Kulikuwa na nafasi kando ya swichi ya taa. Niliichagua nikiwa Form Two na sikumwambia mtu.

Watasema basi aliwachukia wenye walibaki huko. Si kweli. Hao alikuwa amewaweka kwa bahasha ndani ya droo, pamoja na picha zao za theluji ambazo alisema hataki. Wakipiga simu anaweka sauti kubwa na anaita majirani waje wasikie. "Huyu ni wangu pia," anasema, "ila bado hajafika." Mmoja ako na nywele nyeupe sasa. Bado hajafika.

Alikuwa na mambo mengi yanayopingana. Alitaka ukweli kwa kila sentensi, lakini akiuza kuku anaapa ni wa mwaka huu, na kuku mwenyewe amezeeka kuliko sisi. Alikufundisha kufika mahojiano nusu saa mapema, lakini kanisani yeye huingia wakati wa sadaka. Chai alipika nzuri sana, na sukari aliweka mwenyewe kwa mkono wake, kijiko kimoja, hata ungekuwa askofu. Ukiomba cha pili anakuangalia tu.

Mahojiano ya mazoezi alitufanyia dirishani. Wewe unasimama nje kwa jua, yeye yuko ndani ya jikoni amevaa koti zito, anauliza maswali kupitia nondo za dirisha kwa sauti ya puani, kama mzungu mwenye mafua. Watoto wa jirani walikuja kutazama kama sinema. Ukiona haya juu ya ulimi, ukichanganya b na p venye sisi watu wa Bungoma tunafanya, hakukurekebisha hata. "Unakoenda pia wako na ulimi wao," alisema. "Waache wakusikilize kidogo." Lakini ukisema kitu ambacho si chako, ambacho umetoa kwa simu ya mtu, dirisha linafungwa pap, na unabaki nje unaangalia mbao.

Na kuna yule mwalimu Mjerumani aliyeletwa shuleni kwetu kwa mpango wa kubadilishana. Mkuu wa shule alikuwa amepanga kwaya na mbuzi. Madam alimpa filimbi na kumwandika zamu Jumatatu ya kwanza. Kufikia saa moja asubuhi Mjerumani alikuwa getini anaandika wachelewaji, na sisi tunamdanganya majina. Ijumaa alisimama kwa gwaride akasoma majina ya wachelewaji, na ilikuwa majina ya wachezaji mpira, ya maaskofu na ya ng'ombe wa mtu. Shule nzima ilianguka kwa kicheko. Yeye mwenyewe akacheka mwisho, na kutoka hiyo siku alikuwa mtu wetu. Mkuu wa shule alimwambia Madam amemwaibisha mgeni. Madam akasema, "Mimi nilienda kwa watu, nikafanywa mgeni mwaka mzima. Hiyo kitu haifurahishi."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliwahi kumsikia akisema kuhusu mwaka wake wa Amerika. Siku zingine ukimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Nilitoka mahindi nikaenda mahindi." Mji aliowekwa ulikuwa wa wakulima, mashamba kama ya Trans-Nzoia, familia ya wazee wawili, watu wa kanisa. Basi. Yeye anayetaka wewe usimulie mpaka rangi ya mlango wenu, mwaka wake aliupitisha kwa sentensi moja.

Tena kulikuwa na kibao. Kibao kidogo cha shaba, ukubwa wa kiganja, kizito, ambacho birika ya chai ilikaa juu yake mezani. Siku moja nikiwa hapo chai ilimwagika, nikataka kukiinua nipanguse chini. Alinishika mkono.

"Hicho wacha."

"Kuna maji chini, Madam."

"Yatakauka."

Nikadhani ni kitu cha Amerika cha bei. Nikasahau.

Sasa nifike kwangu, Brayo, juu hii ndiyo sehemu ambayo hujui.

Nimeomba ile programu ya mwaka mmoja mara mbili. Mara zote mbili niliandika ukweli na Madam alikuja kwetu, nikasoma mbele ya baba na mama, baba akapiga makofi peke yake. Mara zote mbili nikaletewa ile barua pepe ya kunishukuru kwa kujaribu. Mwaka ujao nitakuwa nimepita umri. Fomu inafungwa Ijumaa, na leo ni Jumatano. Nilikuwa nimechoka kuwa msichana wa kawaida mwenye baba wa kawaida. Kwa hivyo wiki iliyopita nilichukua ule ushauri wako, ati paneli ya kuchagua inataka machozi, na nikamuua baba. Niliandika aliaga dunia nikiwa darasa la sita, na mimi na mama tukabaki tunauza mboga kando ya barabara. Iliandikika haraka sana. Hata nililia nikiandika.

Nilijua Madam hatakuja kuisikia. Alihama Kitale mwaka jana akarudi kwao Kabuchai, na mguu unamsumbua. Nilifikiri nitaenda na karatasi, ataisoma mwenyewe, ataweka sahihi, nitarudi. Baba yuko Kitale, yeye yuko Kabuchai. Nani ataambia nani?

Nikafika saa sita. Nyumba yake iko ndani kidogo, miwa pande mbili, na picha zote amehama nazo, zimejaa sebule mpaka juu ya mlango. Alikuwa amekaa mezani na jicho moja limefungwa bandeji. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na lile lingine pia linangoja.

"Ni nani huyo anapumua kama amekimbizwa?"

"Ni mimi, Madam."

"Aa, mtoto wa mwenye kinu. Keti. Chai iko, sukari nitaweka mwenyewe."

Akapapasa, akaweka kijiko kimoja, hakumwaga hata chembe. Nikamwambia shida yangu ni barua, fomu inafungwa Ijumaa. Nikamnyooshea karatasi. Akatikisa kichwa.

"Sioni kitu, mama. Nisomee."

Sikuwa nimepanga hiyo. Nikaanza kusoma kwa Kiswahili, sauti inatoka sawa. Nikasoma juu ya Kitale, juu ya shule, juu ya kile ninataka kwenda kujifunza. Nikafika ile aya ya baba. Niliiona inakuja. Nikaiangalia, nikageuza karatasi kana kwamba ukurasa umeisha, nikaendelea na ile ya mwisho.

Nilimaliza. Alikunywa chai.

"Hapo katikati umeruka mtu," akasema.

"Sijaruka, Madam."

"Umeruka. Ulikuwa unatembea vizuri, halafu ukaruka kama mtu anaruka mtaro. Ni nani?"

Nikaangalia mezani. "Ni baba."

"Umemfanya nini?"

Nilikunja karatasi mara mbili. Nilingoja afunge dirisha, aniambie niende nikajibu maswali ya mama kama wewe. Hakusema hivyo. Alisukuma birika kando na akageuza kile kibao, akanipa.

"Wewe una macho. Soma."

Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, herufi za kuchongwa, safi kabisa upande huo. Jina la mwanamke, la kwetu, la Kibukusu. Chini yake, mama mpendwa, apumzike kwa amani.

"Huyo ni nani, Madam?"

"Mama yangu."

"Pole sana."

"Pole ya nini? Wakati hicho kinachongwa, alikuwa hapa hapa Kabuchai anapalilia mahindi."

Akaniambia yote, polepole, kidole kikipita juu ya hizo herufi. Mwalimu mwenzake alikuwa amemwambia paneli inapenda mtu aliyepitia shida. Kwa fomu akaandika mama alikufa. Akachaguliwa. Yule mama wa Amerika aliyempokea alikuwa ameisoma fomu, akamkumbatia uwanja wa ndege akilia. Kila Jumapili jina la mama yake lilitajwa kanisani kwa maombi. Na kwa vile barua zote za nyumba hiyo zilipelekwa posta na yule mama wa Amerika mwenyewe, hakuweza kumwandikia mama yake. Marehemu haandikiwi.

"Mwaka mzima," Madam akasema. "Hata barua moja. Watu hapa walimwambia nimeolewa na mzungu nimemsahau. Yeye akawaambia posta ya Bungoma ina shida."

Siku ya kurudi, yule mama wa Amerika alimpa kibao akiweke kwa kaburi. Gari ikamshusha Webuye, na mama yake, aliyeambiwa hiyo tarehe kabla ya safari, alikuwa hapo stendi tangu asubuhi, na kuku chini ya kwapa. Akafungua mkoba wa mtoto wake kwa furaha, akakiona. Hakujua kusoma. Akauliza, hii ni nini inang'aa hivi?

"Nikamwambia ni ya kuweka birika. Nikamwambia upande laini ndio unakaa juu." Kidole chake kikarudi kwa herufi ya kwanza. "Alikiweka mezani miaka yote hadi alipokufa kweli. Mgeni akija, kabla akae, anaambiwa, angalieni kitu binti yangu ameniletea kutoka Amerika. Alikuwa anajivunia hicho kibao. Na mimi niko hapo na biskuti."

"Hukumwambia?"

"Hapana. Kila siku nilisema nitamwambia kesho."

Akachukua kibao mkononi mwangu, akakirudisha, uso chini, akaweka birika juu yake. Halafu akaniuliza, kwa ile sauti yake ya dirishani, "Baba yako hufanya nini?"

"Anasaga posho, Madam. Unajua."

"Najua. Nataka kujua kama wewe unajua."

Nikafungua mdomo niseme ni kazi ya kawaida. Lakini alikuwa ananingoja na hilo jicho moja, kwa hivyo nikafikiria. Nikamwambia baba husikia mahindi. Mtu akimwaga gunia kwa kinu, yeye anajua kwa mlio kama bado ina unyevu, na hasagi. Anazima mashine mbele ya foleni yote. Anawaambia hii itashika kuvu iwaue watoto, rudi uanike siku tatu. Wanamtukana. Wanaenda kwa kinu cha ng'ambo ambacho kinasaga chochote. Tumepoteza wateja wengi hivyo, na mama humgombeza, na yeye anasema tu, bado ina maji. Nikamwambia jioni akifika nyumbani ni mweupe mpaka kope, na tukiwa wadogo tulikuwa tunaandika majina yetu kwa mgongo wake kwa kidole.

Nilikuwa naongea haraka. Nilipotulia nikaona Madam ametabasamu, upande ule usio na bandeji.

"Hiyo programu yako ni ya nini?"

"Ya chakula na afya ya vijiji."

"Na wewe umemzika mtu kama huyo uandike kuhusu mboga."

Tukacheka wote wawili. Mimi nilikuwa na machozi, lakini nilicheka.

Sahihi hakuweka. Alisema insha isomwe nyumbani kwanza, na kwa vile yeye hawezi kuja, baba ampigie simu mwenyewe amwambie amesikia. "Nataka sauti yake. Akisema amesikia, kijana wa jirani ataniandikia barua kwa kompyuta yake na utaipata siku hiyo hiyo. Wanaweza kukukataa tena, sikudanganyi. Lakini ukienda, utaenda ukiwa unaweza kumwandikia."

Nikamwuliza ni ipi nimsomee, hii ya kifo ama mpya nitakayoandika.

"Hiyo ni yako kuamua," akasema. Halafu akanisindikiza mpaka kwa miwa, akijishikilia bega langu, na kwa mkono mwingine amebeba kuku. Akaniambia nimpelekee mama, ni wa mwaka huu. Brayo, huyo kuku ni mzee. Tumemchemsha tangu nifike na bado.

Sasa basi. Insha mpya nimeiandika, iko hapa, ni fupi kuliko ile na baba amejaa humo na unga wake. Ile ingine sijaichoma, na sitaichoma. Kesho asubuhi, kabla hajafungua kinu, kabla watu wapange foleni na ndoo zao, nitaenda na zote mbili. Nitamwambia akae juu ya gunia. Nitaanza na ile ambayo amekufa, nisome yote bila kuruka, halafu nitangoja aseme chochote anataka kusema. Ndio nisome hii. Na akinyamaza hata saa nzima, nitangoja hapo hapo mlangoni na simu mkononi, namba ya Madam imeshaandikwa.